Kumsemea Mwenye Sauti Ndogo

Ndugu msomaji, lipo swali ambalo nimelikwepa kwa zaidi ya miaka thelathini, na hatimaye likanikamata mahali ambapo sikulitegemea kabisa, yaani sokoni, mbele ya meza ya fundi redio. Swali lenyewe ni hili. Mwenye sauti kubwa anapomsemea mwenye sauti ndogo, ni nini kinachomfanya awe msaidizi, na ni nini kinachomfanya awe mnyang'anyi?

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mkufunzi, kisha mkuu wa chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo kazi yangu kubwa maishani ilikuwa kuwasemea wengine. Niliwasemea wanachuo kwa wakubwa, nikawasemea wakufunzi kwa Wizara, nikawasemea wazazi kwa watoto wao. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi namna hiyo angepaswa kuwa na jibu. Sikuwa nalo. Kadiri nilivyolipata, nimelipata uzeeni, katika shughuli ya kulitafutia zeze amplifaya.

Nianze na zeze lenyewe, maana si kila msomaji ametoka Ugogo. Zeze la kwetu ni kibuyu kilichokatwa mdomo na kuwambwa ngozi, kikapitishwa mti mwembamba ulio shingo yake. Juu ya ngozi husimama kijiti kidogo kama daraja, na juu ya daraja hupita nyuzi. Lipo zeze la nyuzi mbili, na yapo yenye nyuzi nyingi zaidi. Upinde wake ni fito iliyopindwa na kufungwa nyuzi za katani. Mpigaji huegemeza kibuyu tumboni, akavuta upinde, na mara nyingi huimba papo hapo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka huku kwetu akalifikisha zeze kwenye majukwaa ya Ulaya. Lakini kwa asili yake zeze si chombo cha jukwaa. Ni chombo cha uani, cha jioni, cha watu kumi au ishirini waliokaa karibu karibu. Sauti yake ni ndogo, nayo ina kwaruzo la upinde na mvumo wa kibuyu, na juu yake kuna kitu kama mluzi mwembamba unaokuja na kwenda. Sisi tuliokulia nalo tunajua kwamba mluzi ule ndio zeze. Ukiuondoa, kinachobaki ni waya.

Mpigaji ninayemzungumzia ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Mjukuu wetu wa kike alipokaribia kuolewa alitamka sharti moja tu, kwamba zeze la babu lisikike harusini. Nasi tulikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka michache nyuma, katika harusi ya kaka yake, shemeji alipanda jukwaani, kijana wa muziki akasimamisha maiki mbele ya kibuyu, na mara spika zikapiga mluzi wa kupasua masikio. Akapunguza sauti, zeze halikusikika. Akaongeza, mluzi ukarudi. Wageni wakacheka. Kijana akazima maiki na kuweka santuri yake. Shemeji akashuka na zeze lake kwapani, akasema tu kwamba ana kiu.

Tangu Serikali ihamie Dodoma mji umepanuka, na kumbi zimepanuka nao. Safari hii wageni wangekuwa mia tatu. Nikamwita mjukuu wangu wa kiume, anayesomea umeme, nikamwambia, "Tuna wiki sita. Nataka babu yako asikike."

Kijana akaleta kisahani chembamba cha shaba, kipana kama sarafu, alichokitoa kwenye saa ya mezani iliyokufa. Ndicho kilichokuwa kikilia saa ilipogonga. Akanieleza kwamba kisahani kile kina tabaka la aina ya fuwele ambayo ukiitikisa hutoa umeme kidogo, na ukiipa umeme hutikisika. Mimi nilikumbuka kwamba waliogundua tabia hiyo ya fuwele ni ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Nikafurahi kuona kwamba elimu ya miaka mingi namna ile imefika mpaka kwenye saa mbovu ya mjini kwetu. Tukakibandika kisahani kwenye ngozi karibu na daraja, tukatoa waya. Zeze likawa la umeme. Mimi nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa imeanza.

Kwanza tuliazima amplifaya ya gitaa kwa vijana wa kwaya. Shemeji akavuta upinde, na sauti ikatoka kubwa, nene, ya kujaza chumba. Nikapiga makofi. Nikasema, "Safi kabisa!" Shemeji hakusema neno. Kitukuu changu wa miaka tisa, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasema, "Hilo si zeze la babu."

Nilimkemea kidogo, lakini baadaye nilijifunza kwamba mtoto alikuwa na haki. Spika ya gitaa imetengenezwa kwa ajili ya gitaa. Sauti za juu, zile zinazozidi mitetemo 5,000 kwa sekunde au karibu na hapo, haizitoi vizuri, na hayo si makosa yake. Gitaa la umeme lilizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, wapigaji walipokuwa wakitafuta namna ya kusikika katikati ya bendi kubwa, na amplifaya zake zilikua pamoja nalo kama ndugu wa tumbo moja. Ukali unaokatwa na spika ile ni ukali ambao gitaa halina haja nao. Lakini kwaruzo la upinde na ule mluzi mwembamba wa zeze vinaishi huko huko juu. Na jambo la kunitia haya ni kwamba mimi, mwenye miaka 75, sauti hizo za juu sizisikii tena vizuri. Nilikuwa nimekaa kama hakimu wa kitu ambacho masikio yangu hayawezi kukipima, nikatoa hukumu ya "safi kabisa". Aliyekuwa na masikio alikuwa mtoto, naye nikamkemea.

Jaribio la pili lilikuwa ukumbini. Tulichomeka waya wa zeze moja kwa moja kwenye miksa ya ukumbi, yenye spika zinazotoa sauti za juu na za chini. Sasa mluzi ulikuwepo, hata kwa kuzidi, lakini tumbo la zeze lilikuwa limetoweka. Ulikuwa mlio wa mbu ndani ya chandarua. Kijana akageuza vifundo vyote vya miksa, akaongeza besi mpaka mwisho. Tulichopata ni mbu mwenye mafua.

Hapo ndipo tulipokwenda sokoni kwa fundi redio. Ni mtu wa makamo, mtaratibu, anayefanya kazi yake chini ya mwavuli. Alisikiliza habari yetu yote bila kuikatiza, kisha akauliza, "Mwalimu, wewe ni mtu wa huku. Umepata kuchota maji ya kisima cha mchangani?"

Nikamjibu kwamba nimekua kwa maji hayo. Msomaji asiyejua aelewe kwamba mito yetu mingi hukauka kiangazi, na watu hufukua mchanga wa mto mpaka maji yachuruzike chini polepole.

"Basi," akasema, "ukitia ndoo, unapata nini?"

"Tope."

"Na ukitia kata?"

"Unasubiri. Unachota kidogo kidogo. Maji yanatoka safi."

"Kisahani chenu ni kisima cha mchangani," akasema. "Kina umeme, lakini ni mdogo mno, hautoki kwa nguvu. Miksa yenu imetia ndoo."

Kisha akanipa hesabu, nami kwa kuwa ni mwalimu mzee nilikaa nikaifanya mwenyewe usiku kwa kalamu. Kisahani kile kina uwezo wa kuhifadhi umeme wa nanofaradi 20 hivi. Tundu la miksa tulilotumia lina ukinzani wa omu 10,000. Ukikokotoa, utaona kwamba sauti zilizo chini ya mitetemo 800 hivi kwa sekunde zinaanza kupotea, na kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyopotea zaidi. Nyuzi za zeze la shemeji zikipigwa wazi zinalia chini ya mpaka huo. Kwa hiyo kilichopotea ni uzito wenyewe wa sauti, na ukishapotea mlangoni huwezi kuurudisha kwa kugeuza vifundo vya ndani. Lakini tundu likiwa na ukinzani wa omu milioni 1, mpaka ule unashuka hadi mitetemo 8, chini ya uwezo wa sikio la binadamu. Kwa maneno mengine, chombo kinachofaa kupokea sauti dhaifu ni kile kinachodai kidogo sana kutoka kwake. Hupokea karibu bila kugusa.

Nilimuuliza kwa nini tusitumie sumaku kama ile ya gitaa. Akanijibu, "Sumaku inasikia waya tu, Mwalimu. Kibuyu na ngozi haivisikii."

Akatutengenezea kisanduku kidogo chenye transista na betri ya volti 9, kikawa kama kata kati ya kisahani na miksa. Akatushauri tutafute amplifaya ya kinanda, siyo ya gitaa, kwa sababu ile ya kinanda imetengenezwa kutoa sauti zote za chini na za juu pasipo kutia sana ladha yake. Mwisho akatuonya, "Na ule mluzi wa mwanzo, wa ile harusi, utarudi msipojihadhari. Sauti inatoka kwenye spika, inakitikisa kibuyu, kibuyu kinairudisha kwenye amplifaya, amplifaya inadhani ni zeze, inaikuza tena. Inazunguka hivyo mpaka amplifaya inajisikia yenyewe tu."

Ndugu msomaji, pale pale chini ya mwavuli nilijisikia kama mtu aliyesomewa mashtaka yake. Naomba sasa niache zeze kwa muda, nikusimulie jambo la mwaka 1989.

Nilikuwa mkuu wa chuo kwa mwaka wa pili, nina nguvu na nina sauti. Jioni moja mwanachuo wa kike aligonga mlango wa ofisi. Alikuwa binti mpole, wa kuzungumza akitazama sakafu. Alikuja kuomba kibali. Mwenzake wa bwenini alikuwa na vidonda vya tumbo na hakuweza kula maharage ya bwalo, naye aliomba aruhusiwe kumpikia uji jioni kwenye jiko la mkaa nyuma ya bweni. Hilo ndilo lililomleta. Katika kueleza, akasema kwamba maharage yenyewe siku hizi ni machache, kama vile hupungua kati ya stoo na jikoni.

Nami nilikuwa na mashaka yangu kuhusu mtunza stoo. Niliposikia neno "hupungua" masikio yakanisimama. Nikamketisha binti, nikatoa karatasi. Tangu lini? Nani mwingine ameona? Debe ngapi zinatoka asubuhi? Nilimhoji kwa saa nzima mpaka akawa anajibu mambo ambayo nadhani hakuyajua, kwa sababu tu mkuu wa chuo alikuwa anayataka. Alipoondoka nilikuwa na kurasa mbili za maandishi. Mle kurasani uji haukuwamo. Nilikuwa nimetia ndoo.

Asubuhi yake, mstarini, nilinguruma. Nilisema kwamba chuoni pana wizi, kwamba chakula cha watoto wa wakulima kinaliwa na wachache, na kwamba mwanachuo mmoja jasiri amethubutu kunifunulia. Binti hakuwa amesema wizi. Alisema "kama vile". Hakuwa jasiri wa kufunua kitu. Alikuwa mwenye huruma aliyekuja kuomba mkaa. Lakini mimi nilimpa ngurumo yangu, na katika ngurumo ile huruma haikusikika. Sikumtaja jina. Hakukuwa na haja, kwa kuwa watu walikuwa wamemwona akitoka ofisini. Kabla ya saa nne wenzake walikuwa wamempa jina la Redio.

Siku zilizofuata chuo kizima kilinong'ona habari ya wizi. Kamati ilipoketi na kuniuliza ushahidi, nilisimama kwa kujiamini nikasema, "Kila mtu chuoni analisema jambo hili!" Ni kweli walilisema. Walilisema kwa maneno yangu mwenyewe ya mstarini. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikirudi, nikaihesabu kuwa ni ya umma.

Mtunza stoo alisimamishwa kazi miezi miwili. Alikuwa baba wa watoto sita. Uchunguzi ulipokamilika ilionekana kwamba stoo walipima kwa debe moja na jikoni kwa jingine lililobonyea, na tofauti ilikuwa hiyo. Alirudi kazini, hakulalamika, akaomba uhamisho. Mgonjwa alilazwa hospitali wiki ya tatu, akapona. Na yule binti aliondoka chuoni kabla ya mtihani wa mwisho. Niliambiwa kwamba amekwenda kwao kuuguza mzazi. Nilikubali maelezo hayo kwa sababu yalinifaa.

Ule uji haukupikwa. Na kwa miaka mingi, nilipojisimulia kisa hiki, nilijisimulia kama kisa cha mkuu wa chuo aliyesimama upande wa wanyonge akakosea ushahidi kidogo. Sikukumbuka uji hata mara moja mpaka siku ile kwa fundi redio, aliposema kwamba kilichopotea mlangoni hakirudishwi kwa vifundo.

Basi turudi kwenye swali. Naona sasa kwamba anayemsemea mwingine huweza kukosa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kudai mno kutoka kwa asemewaye, mpaka sehemu ya chini ya neno lake, iliyo nzito na laini, ikapotea, tukabaki na kile chembamba kinachotufaa sisi. Njia ya pili ni kulipaka neno lake rangi yetu. Njia ya tatu ni kusikia mwangwi wetu wenyewe na kuuita sauti yake. Mimi nilikosa kwa njia zote tatu katika juma moja, na nilikuwa na nia njema mwanzo hadi mwisho. Nia njema haikunipunguzia hata kosa moja. Pengine iliniongezea, maana mtu mwenye nia mbaya huwa anajichunga.

Kuna atakayeniuliza, je, basi tunyamaze? Kama mtunza stoo angekuwa mwizi kweli? Hilo ni swali la haki. Nami nasema, la hasha, tusinyamaze. Sauti ndogo zipo, na kuziacha zimezwe katika ukumbi wa watu mia tatu si unyenyekevu. Ni uvivu uliovaa kanzu. Na hata kama mtunza stoo angekuwa mwizi, kosa langu kwa binti lingebaki lile lile. Nilimchukulia kitu alichokileta, nikamvika kitu nilichokitaka. Ukweli wa jambo moja hauhalalishi kumnyang'anya mtu jambo lake jingine.

Mwingine atasema kwamba hakuna amplifaya isiyo na rangi, wala mkalimani asiyeongeza lake. Na hili ni kweli. Hata ile ya kinanda ina ladha yake, kidogo tu. Tena mpiga gitaa anaweza kuipenda rangi. Marehemu Mbaraka Mwinshehe na wenzake wa zama za dansi hawakupiga magitaa yao kupitia vyombo visivyo na ladha. Sauti ya amplifaya ilikuwa sehemu ya sauti yao, nasi tuliwapenda hivyo. Hapo nimefikiri sana, na naona tofauti iko katika nani aliyechagua. Mpiga gitaa anaisikia rangi ile, anaitaka, anaweza kuikataa. Rangi aliyoichagua mwenye sauti ni yake. Rangi niliyomchagulia mimi, bila kumuuliza, huku yeye akitazama sakafu, ni yangu, na nimeipaka juu ya uso wake.

Kwa hiyo wajibu wa anayesemea si kutokuwa na rangi, maana hilo haliwezekani. Wajibu wake ni kurudi kwa mwenye sauti kabla ya kwenda mbele ya watu, na kumuuliza maswali mawili yaliyo rahisi kuliko yote ambayo sikuwahi kuyauliza nikiwa ofisini. Nikisema hivi, ndivyo ulivyosema? Na unataka isemwe mbele ya nani? Binti wa mwaka 1989 angejibu swali la pili upesi sana. Angesema, "Mbele yako tu, Mkuu."

Sasa nimalizie habari ya harusi. Tulipata amplifaya ya kinanda kwa kuazima. Siku mbili kabla, tulimketisha shemeji uani akapiga, na safari hii sikutoa hukumu. Nilimuuliza yeye. Akasikiliza, akainamisha kichwa, akaniambia, "Shemeji, punguzeni." Tukapunguza. "Punguzeni tena." Kijana akanitazama kwa wasiwasi, akasema kwamba kwa sauti hiyo wageni wa nyuma hawatasikia. Akapendekeza kwamba tujaze nguo ndani ya kibuyu ili kisitikiswe na spika, kisha tuongeze sauti tupendavyo. Shemeji akakikumbatia kibuyu chake kama mtu anayezuia mtoto asichomwe sindano. "Hili ni tumbo lake," akasema. "Mkilishindilia matambara litasema nini?"

"Na wageni wa nyuma, babu?"

"Wasogee."

Kwa wiki tano tulikuwa tumehangaika jinsi ya kuipeleka sauti kwa watu. Hakuna aliyekuwa amefikiri kuwaleta watu kwenye sauti. Siku ya harusi tuliweka amplifaya mbele ya mpigaji, ikielekea kwa wageni na kumpa yeye mgongo, ili kibuyu kisiisikie sana. Mshereheshaji akawaomba wageni wachukue viti vyao na kusogea. Palikuwa na kelele za viti na vicheko kwa muda wa kama dakika tano, kisha watu wakawa nusu duara, akina mama na watoto wakakaa chini mbele kabisa. Shemeji akavuta upinde. Halikuwa zeze kubwa. Lilikuwa zeze lile lile, limesogezwa hatua chache tu kutoka pale lilipo. Nadhani nusu ya kazi ilifanywa na amplifaya na nusu ilifanywa na viti.

Kitukuu wangu nilimketisha karibu nami. Nilimuuliza, maana masikio ni yake. Aliniambia ninyamaze, anasikiliza.

Mwezi uliopita jirani yangu mmoja, mama mjane, alikuja kuniomba niende kumsemea kwenye baraza la kijiji katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Zamani ningevaa koti na kwenda kunguruma. Safari hii nilimsikiliza bila karatasi. Nilipomaliza kumrudishia maneno yake, alinisahihisha mara mbili. Ubishi wa hatua nne za ardhi ulimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba mti wa ubuyu uliokatwa mpakani ulikuwa na kaburi la mwanawe chini yake. Mara ya kwanza sikuwa nimelisikia hilo. Alikuwa amelisema kwa sauti ya chini.

Nilikwenda naye barazani. Nilikaa pembeni yake, akazungumza mwenyewe, polepole. Mzee mmoja upande wa pili akalalamika kwamba hasikii. Nikasimama kwa mara moja tu siku ile, nikawaomba wazee wasogeze viti.

Yule binti wa mwaka 1989, kama yu hai, leo ni mama mtu mzima mwenye miaka hamsini na zaidi. Sijui aliko. Kama kwa bahati ukurasa huu utamfikia, namwambia mbele yake tu, na si mbele ya mwingine yeyote, kwamba alikuja kuomba uji, na kwamba nimemsikia nikiwa nimechelewa.